Kiswahili Kinasingiziwa

Muulize mzazi yeyote pale Isikizya, wilayani Uyui, kwa nini mwanawe wa kidato cha pili hawezi kuunga sentensi mbili za Kiingereza zikasimama, atakujibu kabla hujamaliza swali: ni Kiswahili. Muulize mwalimu, atakwambia hilohilo, ila ataongeza na Kinyamwezi. Muulize mthibiti ubora aliyeshuka garini akitokea mjini, naye atalirudia kwa maneno mazito zaidi. Ndiyo maana katika sekondari nyingi za nchi hii, si za Uyui peke yake, utakuta kibao kinachoamuru kisemwe Kiingereza tu, na ndiyo maana wapo watoto wanaofagia uwanja juani kwa kosa la kuazima kalamu kwa lugha wanayoielewa. Hoja yenyewe ni fupi na inaingia akilini upesi. Mtoto anakuja na sarufi ya Kiswahili kichwani, anaimwaga ndani ya Kiingereza, Kiingereza kinachafuka. Basi anyang'anywe Kiswahili getini, mambo yatanyooka.

Hoja hiyo imezoeleka hata hakuna anayeihoji. Mimi naihoji. Makosa mengi yanayobandikwa Kiswahili hayakutoka kwenye Kiswahili. Yametoka ubaoni, kwenye majedwali tunayowakaririsha watoto. Na nasema zaidi ya hapo: mahali penyewe panapodaiwa kuharibiwa na Kiswahili, yaani pale kiunganishi, kitenzi kisaidizi na kielezi vinapokutana katika sentensi moja, ndipo Kiswahili kinapoweza kumfaa mtoto kuliko kitabu chochote cha sarufi kilichofungiwa kabatini mwa mwalimu wa taaluma.

Nina mbele yangu daftari la msichana wa sekondari moja ya huku. Limefunikwa kwa gazeti, pembe zimejikunja. Aliambiwa atunge sentensi yenye 'even if', akaandika: 'Even if it will rain, but we can be able to go.' Kalamu nyekundu imepita juu ya 'will', ikapita juu ya 'but', ikapita tena juu ya 'can be able'. Pembeni mwalimu ameandika kwamba hiyo ni athari ya lugha mama. Alama hakupewa hata moja.

Haya, tuifungue kesi. Kwa Kiswahili anachosema msichana huyo kwao, wazo hilo ni: hata mvua ikinyesha, tutaweza kwenda. Itazame vizuri sentensi hiyo. Je, kuna -ta- kwenye sehemu ya sharti? Hakuna, kuna -ki-, na -ki- haibebi wakati ujao wala uliopita. Kuna 'lakini' katikati? Hakuna, 'hata' imekwisha kufanya kazi yake. Kuna mtu anayesema 'tunaweza kuweza kwenda'? Hata mtoto wa chekechea angechekwa. Kwa hiyo huyu msichana angeifuata sentensi yake ya Kiswahili hatua kwa hatua, bila kuongeza wala kupunguza, angepata 'Even if it rains, we will be able to go', na hiyo ni sentensi ambayo Mwingereza yeyote angeitia sahihi. Makosa yote matatu yapo kwenye Kiingereza chake na hayapo kwenye Kiswahili chake. Sasa nani kamharibu?

Namfahamu aliyemharibu, kwa kuwa nimefundisha somo hilo na najua tunavyolifundisha. 'Will' aliipata kwenye jedwali la nyakati, linalosema wakati ujao ni 'shall' na 'will'. Mvua haijanyesha, itanyesha kesho, jedwali linataka 'will', basi ameweka. Hakuna aliyemwambia kwamba Kiingereza, baada ya 'if', 'when', 'unless' na 'until', huiacha hiyo 'will' na kutumia wakati uliopo, kama ambavyo yeye mwenyewe huiacha -ta- na kushika -ki- kila siku ya Mungu. 'Can be able' aliipata kwenye jedwali la pili, lile linaloandika 'can' upande wa kushoto na 'be able to' upande wa kulia, kisha alama ya usawa katikati. Mtoto ameambiwa vitu viwili ni sawa. Akaviweka vyote, pengine kwa usalama. Na 'but' aliipata kwenye orodha ya viunganishi, iliyobandikwa peke yake kama orodha ya wanyama wa porini, bila kuambiwa kiunganishi gani kinamkataa mwenzake.

Kinyamwezi nacho sikioni na hatia katika hili, lakini si mimi wa kukitetea. Wapo wenyewe.

Kuna chembe ya kweli katika hoja ya wapinzani wangu, na ni lazima niitaje, la sivyo watasema naficha. Yako makosa mawili ambayo kweli yanatoka kwetu. La kwanza ni lile la 'although' kufuatwa na 'but'. Sisi husema: ingawa alichelewa, lakini alipata nafasi. Tunaviweka vyote viwili na sikio letu linaridhika. Kiingereza cha leo kinataka kimoja. La pili ni la -nge-. Sisi husema: angekuja, ningemwambia, kiambishi kilekile kushoto na kulia. Kiingereza hakitaki ulinganifu huo: upande wa sharti kinaweka wakati uliopita, upande wa matokeo kinaweka 'would'. Kwa hiyo mtoto wetu huandika 'If he would come, I would tell him', na hapo ndiyo, nakubali, ni Kiswahili kinachosikika nyuma ya pazia.

Lakini makosa hayo mawili yanatibiwa vipi? Kwa kusema wazi, mbele ya darasa, kwa lugha ambayo darasa linaielewa: jamani, sisi tunasema -nge- na -nge-, wao hawasemi hivyo, tazameni. Kazi ya kipindi kimoja. Mwalimu aliyekatazwa kutamka Kiswahili darasani hawezi kufundisha kipindi hicho. Atabaki kuandika sentensi sahihi ubaoni na kuwaambia wainakili, nao watainakili vizuri sana, na siku ya mtihani watarudi kwenye -nge- na -nge-, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba wana mazoea ambayo hawajui kama wanayo.

Hata hilo la 'although' na 'but' si la kulifanyia mzaha. Kiingereza chenyewe hakichukii kuweka ishara kwenye kila upande. Biblia yao ya mwaka 1611 imejaa 'though' upande mmoja na 'yet' upande wa pili, na hadi leo unaweza kuandika 'although' kisha 'still' au 'nevertheless' bila kukosolewa na mtu. Kinachokatazwa ni viunganishi viwili kung'ang'ania sentensi moja. Kielezi kinaruhusiwa kukaa pale. Ukimweleza hivyo mtoto aliyezoea kusema 'ingawa... hata hivyo', atakuelewa mara moja. Ukimwambia tu kwamba kichwa chake kimechafuliwa na lugha ya mama yake, atakachoelewa ni kwamba unamdharau mama yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo ni ukanushi. Kwa Kiswahili kuna 'si lazima uje', na kuna 'lazima usije'. Mkulima asiyewahi kukanyaga darasa anazitofautisha hizi usingizini. Ya kwanza imekanusha ulazima: ukipenda njoo, ukipenda kaa. Ya pili imeacha ulazima mahali pake, ikakanusha kuja: ole wako nikuone. Kiswahili kinaliweka neno la kukanusha pale hasa linapofanya kazi, na msikilizaji analiona.

Kiingereza je? Kina 'must not', na macho yanakudanganya kwamba 'not' imekanusha 'must'. Sivyo. 'You must not come' ni katazo, ni 'lazima usije'. Ukitaka 'si lazima uje' inakubidi uiache 'must' kabisa, ushike 'need not' au 'do not have to'. Kisha geuka utazame 'cannot': hapo ghafla kikanushi kinafanya kazi yake ya kawaida, kinakanusha uwezo. Na 'may not' ndiyo balaa lenyewe, kwa sababu ina nyuso mbili: 'he may not come' inaweza kuwa huenda asije, na inaweza kuwa haruhusiwi kuja, na karatasi peke yake haikwambii ni ipi. Katika hili Kiswahili kimenyooka kuliko Kiingereza, na sisemi hivyo kwa uzalendo. Ni kwamba kimenyooka.

Mtoto wa jedwali afanyeje? Jedwali lake linasema 'must' ni lazima na 'not' ni si. Anajumlisha: 'must not' ni si lazima. Hesabu yake ni sahihi kabisa, na jibu lake ni kinyume cha ukweli. Mtoto huyo atakua. Atakuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, au muuza duka la dawa, au atakuwa ndiye msomi pekee wa ukoo anayepewa karatasi ya mkopo wa pembejeo awasomee wazee. Karatasi imeandika kwamba mkopaji 'must not' kuuza mazao kwingine kabla ya kumaliza deni. Yeye anawatafsiria wazee kwamba si lazima. Au kijikaratasi ndani ya boksi la dawa kinasema isitumiwe pamoja na dawa fulani, naye anamwambia mama mjamzito kwamba si lazima azitumie pamoja, lakini akitaka hakuna neno. Kosa hilo halikuletwa na Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichokuwa na dawa yake mfukoni, na sisi tukamwambia mtoto aiache nje.

Wanasheria wetu wanalijua tatizo hili vizuri kuliko walimu wa lugha. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ina kifungu cha 53 ambacho kazi yake ni kueleza 'may' na 'shall' zichukuliweje zinapotokea katika sheria: ya kwanza inampa mwenye mamlaka hiari ya kutumia madaraka au kutoyatumia, ya pili inamlazimisha kutimiza kazi aliyopewa. Bunge zima lilikaa likaona haja ya kuyawekea uzio maneno mawili madogo ya Kiingereza, kwa kuwa bila uzio wasomi wenyewe wangegombana mahakamani. Kisha tunashangaa mtoto wa kidato cha pili akiteleza.

Na Katiba yetu inaposema kwamba Rais atakuwa Mkuu wa Nchi, hakuna Mtanzania anayedhani inatabiri habari za mwakani. Hiyo -ta- inaweka amri. Vilevile ukisema sasa hivi 'atakuwa ameshafika Tabora', hukusudii kesho. Unapima tu, unakisia kwa kuangalia saa na hali ya barabara. Kiingereza kinafanya hivyohivyo na 'will': 'he will be in Tabora by now'. Nimeona wanafunzi wa kidato cha nne wakiikodolea macho sentensi hiyo na kusema ina kosa, kwamba 'will' na 'now' havikai nyumba moja, kwa sababu jedwali linasema 'will' ni kesho. Wanafunzi haohao, kengele ikilia na mwalimu hajatokea, husema 'atakuwa anaumwa leo' na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Maarifa wanayo. Tumeyawekea kufuli tu.

Kwenye vielezi sitakaa sana. Mtu yeyote mwenye Kiswahili ana ngazi nzima ya uhakika: hakika, bila shaka, yumkini, huenda, pengine, labda. Anajua zipi zinapatana na zipi hazipatani. Atasema 'huenda pengine amelala', hatasema 'lazima labda amelala'. Kiingereza nacho kina upatanifu huohuo. 'May' inakaa vizuri na 'possibly', 'must' inakaa vizuri na 'surely', na ukizibadilisha zinagongana. Kilicho kigeni ni mahali pa kukiweka kielezi tu. Kitenzi chetu kwa kawaida ni neno moja, hakipasuki katikati, kwa hiyo kielezi chetu husimama nje yake. Cha kwao hupenda kujipenyeza kati ya kisaidizi na kitenzi chenyewe, 'he will probably come', na kukiwa na 'not' kinapenda kutangulia, 'he probably will not'. Mambo ya utaratibu hayo, yanazoeleka kwa kusoma.

Ila kuna moja sitaki kuliacha, kwa sababu ni zuri. Kiswahili kina kanuni kwamba kiunganishi 'ili' kinadai kitenzi chenye -e: soma ili ufaulu. Huwezi kusema 'soma ili unafaulu'. Kiingereza kina kanuni inayofanana nayo: 'so that' hutaka nyuma yake 'can', 'may' au 'will', na wakati ukiwa umepita hutaka 'could', 'might' au 'would'. Yaani katika lugha zote mbili kiunganishi kinachagua sura ya kitenzi kinachokifuata. Sisi pia tuna ile 'asije akaanguka', wao wana 'lest he should fall', iliyochakaa kidogo lakini bado iko vitabuni. Mwalimu anayeweza kuziweka jozi hizo mbili ubaoni, bega kwa bega, amefundisha kwa dakika chache kitu ambacho jedwali la viunganishi halitakifundisha hadi kiama. Lakini ili aziweke bega kwa bega inabidi aandike Kiswahili ubaoni. Na Kiswahili ubaoni ni kosa la nidhamu.

Wapinzani wangu watasema haya ni nadharia. Basi tuje kwenye historia, na hatuhitaji kwenda mbali. Sisi wa Unyanyembe tunakaa juu ya barabara ambayo ilipitisha lugha kama ilivyopitisha pembe za ndovu. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, Novemba 1857. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa amekipata akiwa utumwani India, na Bombay akayageuza kwa Kiswahili. Kwa Speke, kila 'kama', kila 'huenda', kila 'isipokuwa' kuhusu ziwa la kaskazini lililokuwa likisimuliwa na wafanyabiashara wa Kazeh ilipita katika mlolongo huo, na mwaka 1858 Speke alilifikia ziwa lenyewe. Hakuna aliyemwambia Bombay kwamba ili Kihindustani chake kisafike aache Kiswahili.

Mfano wa pili una nguvu zaidi. Oktoba 1873 barua ya Kiingereza ililetwa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ikamkuta mpelelezi Luteni Cameron akiwa mgonjwa. Aliyeileta ni Chuma, mfuasi wa Livingstone. Aliyeiandika ni Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari kule Nasik, India, kisha akajiunga na Livingstone papo hapo Kwihara mwaka 1872. Wao na wenzao walikuwa wanaubeba mwili wa Livingstone kuelekea pwani, wakiwa na njaa. Barua ni fupi. Walidhani msafara uliofika Unyanyembe ni wa mtoto wa marehemu, kwa hiyo ilimpasha habari ya kifo cha baba. Ikaomba nguo za kununulia chakula. Halafu ikauliza jambo ambalo kila mtu wa misafara aliliona la maana: wakiingia mjini, je, bunduki zipigwe au zisipigwe? Na kama ruhusa ipo, basi wapelekewe baruti.

Tazama kazi iliyofanyika hapo. Kuna sharti, kuna hiari, kuna ombi, kuna jambo ambalo bado halijaamuliwa na lina pande mbili. 'Should' imo, 'shall' imo, 'if' imo. Sarufi yake mwalimu wa leo angeichora nyekundu kuanzia juu hadi chini. 'Shall' zake hazikai sawasawa na viungo vya sentensi vimelegea. Lakini kila kinachoombwa kimetajwa humo, na kipi kinategemea kipi kinaonekana. Barua hiyo iliandikwa ndani ya msafara ambao lugha yake ya kazi ilikuwa Kiswahili, na mtu aliyeishi kati ya lugha kadhaa kwa wakati mmoja. Kichwa chenye lugha nyingi ndicho kilichoiandika. Aprili 1874 Wainwright alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la Livingstone ndani ya Westminster Abbey.

Mfano wa tatu mnaujua wenyewe, na sitaurefusha. Julius Nyerere alifika Shule ya Tabora mwaka 1937, akitokea shule ya Mwisenge alikosomea kwa Kiswahili. Huyo ndiye aliyekuja kumtafsiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mnaikumbuka ile kesi ya ratili ya nyama. Mkopeshaji anaruhusiwa kukata nyama, lakini tone la damu likimwagika amekwisha. Kesi nzima imesimama juu ya ruhusa, sharti na 'lakini' moja. Mtu aliyeweza kulipitisha hilo kutoka lugha moja hadi nyingine hakuwa na lugha mbili zinazochafuana. Alikuwa nazo zinazosaidizana.

Najua jibu litakalokuja. Watasema: lugha haifundishwi kwa maelezo, hufundishwa kwa kuisikia, ukiruhusu Kiswahili, mtoto atakisikia Kiingereza wapi? Hoja hii ina uzito, na ingekuwa na uzito zaidi kama tungekuwa tunaishi Manchester. Mtoto wa Isikizya anakisikia Kiingereza kwa mwalimu wake, na pengine kwenye simu ya kaka yake. Akitoka getini hakisikii tena. Ukipiga marufuku Kiswahili katika mazingira hayo huongezi Kiingereza hata neno moja. Unapunguza maneno yanayosemwa. Nendeni mkae nyuma ya darasa lenye amri hiyo mjionee. Mwalimu anauliza, darasa linanyamaza, mwalimu anajijibu, darasa linaitikia 'yes'. Huko si kusikia lugha. Anayetaka watoto wasikie Kiingereza zaidi awaletee vitabu vya hadithi, redio, na mwalimu aliyekisoma Kiingereza vizuri. Vibao ni rahisi kuliko vitabu, ndiyo siri yake.

Watasema tena: mbona watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza wanakiongea? Wanakiongea, ndiyo. Wengi wao wana madarasa yenye nafasi, vitabu vya kwao wenyewe, wazazi waliosoma, na ada ambayo mkulima wa Uyui haipati hata tumbaku ikinunuliwa vizuri. Ukiondoa hayo yote ukabakiza amri ya lugha peke yake, umechukua kitu kimoja ambacho hakina gharama, ukakiita siri ya mafanikio.

Kuna mjadala mkubwa zaidi, wa lugha ya kufundishia masomo yote ya sekondari, ambao siuingii hapa. Tume ya Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili mwaka 1982, Serikali haikukubali. Miaka miwili baadaye watafiti Criper na Dodd walikuja kupima, wakakuta Kiingereza cha shule zetu hakina nguvu ya kubeba elimu, kisha wakashauri kiendelee kuibeba. Sera ya mwaka 2014 ikataja lugha zote mbili. Mwenye nafasi na aendelee kubishana. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo, na inamhusu hata anayetaka Kiingereza kitawale hadi mwisho wa dunia: huyo ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kutaka kifundishwe vizuri, na hakiwezi kufundishwa vizuri kwa mtoto aliyezibwa mdomo.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Maana yake kwa miaka mingi ijayo kutakuwa na kazi ya kuzipitisha 'shall' na 'may' za vitabu vya zamani hadi kwenye Kiswahili, na kurudi. Kazi hiyo itafanywa na hawa walio kidato cha pili sasa. Wataifanya namna gani kama tumewalea waamini kwamba lugha hizi mbili ni maadui, kwamba ukiitazama moja huku umeshika nyingine umetenda kosa?

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, inayoandaa mitaala na vitabu vya kiada. Wekeni ndani ya kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza kurasa chache zilizoandikwa kwa Kiswahili safi, zinazoonyesha 'ikinyesha' karibu na 'if it rains', 'lazima usije' karibu na 'must not', 'atakuwa amefika' karibu na 'will have arrived', na zinazokiri bila aibu kwamba -nge- yetu inatupoteza. Ziandikwe na mtu anayezijua lugha zote mbili, asiwe mtu anayeionea haya mojawapo.

La pili ni kwenu wazazi. Mkiitwa mkutano wa shule, msiulize wangapi wameadhibiwa mwezi huu kwa kusema Kiswahili. Ulizeni mtoto wenu amesimama mara ngapi akasema sentensi ndefu ya Kiingereza, yenye 'if' na 'but' ndani yake, akakosea, akaelezwa kosa lake kwa maneno anayoyaelewa. Mkijibiwa kwamba hakuna, basi msikubali kuambiwa tena kwamba tatizo ni Kiswahili.